Nyumba Isiyo na Ngazi

Inspekta aliisikiliza ile sauti iliyorekodiwa kwa mara ya nne, akiwa amesimama katikati ya sebule ambamo sauti hiyo ilidaiwa kutoka.

"Mwanangu, usipaze sauti," ilisema. Ilikuwa ya mwanamke mzee, mnong'ono mkavu wa mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. "Anapanda ngazi."

Kisha ukimya wa sekunde tatu, halafu hakuna kitu tena. Hakusikika mtu akirudisha mkono wa simu mahali pake. Simu ilikata roho yenyewe.

Mengine yote yalikuwa wazi. Chumba cha kupokea simu za dharura kilikuwa kimeandika muda, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Kompyuta ilikuwa imeonyesha namba, kwamba ni simu ya nyumbani, na chini ya namba ikaonyesha anwani. Gari la doria lilifika kwenye anwani hiyo baada ya dakika tisa, na kwa doria ya mji ule hilo si jambo dogo. Shida ilikuwa moja tu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, vyumba vitatu na choo, na haikuwa na ngazi.

"Hata mlangoni hakuna kidato," alisema konstebo aliyeitwa Mrefu, ambaye alilazimika kuinama kwenye kila fremu. "Ukianguka humu, umeangushwa na zulia."

Inspekta hakucheka. 

Aliyeikalia nyumba alikuwa mshona nguo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mkasi bado mkononi. Polisi watatu walikuwa wameruka ukuta wake wakati anakata kitambaa cha bibi harusi, na mkasi ukaenda pasipotakiwa.

"Namba hii ni yako?" Inspekta alimwonyesha karatasi.

"Mimi sina simu ya nyumbani, afande. Nina hii ya mkononi, nayo imepasuka kioo."

"Unaishi na nani?"

"Mume wangu na mashine yangu."

"Mumeo yuko wapi saa hizi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Anapaka rangi majumba."

Inspekta na Mrefu walitazamana. Mpaka rangi hakosi ngazi ya mbao. Mrefu alitoka nje bila kuambiwa, akazunguka uani, na baada ya dakika mbili akarudi akipangusa utando wa buibui usoni.

"Ipo moja imeegemezwa nyuma ya choo," alisema. "Kuku anatagia chini yake. Haijapandwa tangu mwaka jana."

Mume mwenyewe alipopigiwa alipokea papo hapo, na nyuma ya sauti yake msimamizi wa ujenzi alikuwa akimfokea mtu kuhusu ndoo. Njia hiyo ikafungwa. Inspekta akageukia swali ambalo alipaswa kuanza nalo.

"Kabla yenu, hapa alikaa nani?"

"Bibi mmoja, mkunga mstaafu. Siku tunaingia yeye ndiyo anatoka." Mshona nguo aliuweka mkasi mezani, kidogo ametulia. "Alikuwa na kiboksi cheupe chenye taa za kijani. Wabeba mizigo walibeba kila kitu, lakini hicho alikataa wasikiguse. Alikipakata garini kama mtoto mchanga. Alisema mwanawe yuko nchi za mbali, na bila hicho hasikii sauti yake."

"Alihamia wapi?"

"Sikuuliza, afande. Ni miaka miwili sasa."

Inspekta alitoka nje, akasimama juani, na bado alihisi baridi. Alizijua simu hizo za intaneti. Wazee wengi waliokuwa na watoto ng'ambo walikuwa nazo, kwa sababu zilikuwa za bei ya chini na mtu aliweza kuongea na mwanawe mpaka masikio yapate moto. Mwezi uliopita tu mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke aliyeishi peke yake, alikutwa chini ya ngazi za nyumba yake akiwa ameshakufa. Naye alikuwa na kiboksi cheupe. Simu yake ilikuwa nzima, kwa hiyo watu waliona kwamba angepata shida angepiga. Faili lilifungwa kuwa ni ajali, na sahihi iliyolifunga ilikuwa ya Inspekta mwenyewe.

"Piga tena namba ya mkunga," alimwambia Mrefu.

"Haipatikani. Na ya mwanawe ng'ambo, niliyopewa na jirani, inaita tu, nimepiga mara sita."

"Twende kwa wenye simu."

Ofisi ya kampuni hiyo ilikuwa nyumba ya kawaida iliyozungushiwa ukuta, yenye kaunta, viti vinne vya plastiki na chumba cha mitambo nyuma ya kioo. Meneja alikuwa safarini. Aliyewapokea alikuwa fundi wa makamo, mpole, kucha safi, bisibisi fupi mfukoni mwa shati. Karatasi ya shukrani iliyobandikwa ukutani, yenye mwandiko wa kutetemeka, ilimwita Dokta, na yeye mwenyewe alikiri kwa aibu kidogo kwamba wateja wazee ndivyo walivyozoea kumwita.

"Hizi simu zikiugua mimi ndiye naziponya," alisema. "Karibu ndani, dada yangu. Humu kuna baridi, unisamehe. Mitambo haipendi joto."

Mlango wenye springi ulijifunga nyuma yao. Mrefu alibaki kaunta.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua lolote," Inspekta alisema na kufungua daftari. "Simu inapigwa saa tatu na dakika kumi na mbili kwenye nyumba moja, sisi tunapelekwa nyumba nyingine. Imekuwaje?"

"Kiboksi hiki ni kama mkoba. Ukihama, unahama nacho. Unakichomeka popote penye intaneti, na namba yako inakufuata."

"Na anwani?"

"Inabaki ile uliyojaza siku ya kwanza, mpaka uje ujaze fomu nyingine."

"Wanakuja?"

Fundi alicheka taratibu. "Simu ikishaita, nani anakumbuka fomu?"

"Kwa hiyo mtu anapiga simu ya kufa na kupona, sisi tunaenda kumrukia mwingine ukuta."

"Ndiyo urahisi wa bei wenyewe huo. Intaneti ikiyumba, sauti inakatikakatika. Umeme ukienda, kiboksi kinazima, na simu inabaki pambo la mezani. Tunawaambia yote haya. Wanaitikia, wanatia sahihi."

"Kwa huyu mkunga umewahi kufika?" Inspekta alimwekea ile karatasi ya namba.

Fundi aligeukia kompyuta na kuandika namba polepole. "Wiki iliyopita alilalamika sauti inakatika. Nilimsaidia kwa simu. Kwake sijafika. Kama ningefika ningekupeleka sasa hivi, hata kwa miguu." Alinyamaza kidogo, akageuza kiti. "Lakini nikwambie ukweli, dada yangu, simu hiyo mimi naitilia shaka. Huenda kuna mtu anawachezea."

"Kwa nini?"

"Haiwezekani ipigwe saa tatu na dakika kumi na mbili. Kule umeme ulikatika saa tatu kamili. Kiboksi kilikuwa kimelala. Angewezaje?"

Aliuliza kama mtu anayetaka jibu kweli. Inspekta aliandika maneno hayo kama alivyoandika yote aliyoambiwa siku hiyo, neno kwa neno, kisha akaomba achapiwe orodha ya saa zote ambazo kiboksi cha mkunga kilizima na kuwaka kwa mwezi mzima. Fundi alimchapia bila kinyongo. Karatasi zilitoka nne.

Alikwenda kuzisomea kaunta, kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kiboksi cha mkunga kilizima mara nyingi, na hakikuzima ovyo. Jumatatu kilizima saa tatu asubuhi kikawaka saa saba. Alhamisi vivyo hivyo. Jumamosi kilizima saa kumi jioni. Ukutani, karibu na ile barua ya shukrani, palikuwa na ratiba ya mgao wa umeme, mji wote umegawanywa makundi manne. Inspekta aliweka karatasi chini ya ratiba, akashuka mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Kundi la kwanza halikulingana. La pili lilianza vizuri likapotea Jumamosi. La nne halikukaribia kabisa.

Kundi la tatu lililingana mwezi mzima, isipokuwa mahali pamoja. Leo ilikuwa Alhamisi. Umeme wa kundi la tatu ulikatwa saa tatu kamili, lakini kiboksi cha mkunga kilizima saa tatu na dakika kumi na tatu. Kwa dakika kumi na tatu kilikuwa kimeishi bila umeme, na Inspekta hakuelewa ni vipi.

Hata hivyo alikuwa ameridhika. Kazi ya dakika kumi na moja, na sasa alijua kwamba mkunga alihamia upande wa mji wenye mgao wa kundi la tatu. Nyumba elfu kadhaa, lakini si mji mzima tena. Alifungua daftari aandike hilo, na jicho likaangukia ukurasa wa kabla yake.

*Kule umeme ulikatika saa tatu kamili.*

Kule wapi?

  Yeye alikuwa amehitaji karatasi nne na ratiba ili ajue mkunga anakaa upande gani. Fundi alilisema hilo kabla hajagusa karatasi yoyote, akiwa ndani ya chumba chenye taa zinazowaka, kuhusu mtu ambaye kwake aliapa hajafika.

Aliinua uso. Nyuma ya kioo fundi alikuwa akimtazama. Alipoona ametazamwa alitabasamu, akainua kikombe kumuuliza kama atakunywa chai. Inspekta naye alitabasamu. Hakuwa amewahi kufanya kazi ngumu kama tabasamu lile.

Akili yake ilikwenda mbio huku uso ukikaa palepale. Kumkamata sasa kulikuwa rahisi, lakini neno moja kwenye daftari si ushahidi, na akishafungwa pingu atafunga na mdomo. Anayejua mkunga alipo ni yeye peke yake. Na kama yuko hapa anatoa chai, basi mojawapo kati ya mambo mawili limetokea. Amemaliza alichokwenda kufanya, au hakumaliza na anangoja polisi waondoke. Inspekta alishikilia lile la pili, kwa sababu la kwanza lilimaanisha mkunga ameshakufa.

Alimsogelea Mrefu. "Ingia humo ukae naye," alisema kwa sauti ya chini, akijifanya anamwonyesha karatasi. "Muulize habari za simu ya nyumbani ya mama yako. Inavyokoroma, inavyokatika. Muulize maswali ya kijinga mpaka achoke. Asitoke."

"Mama yangu hana simu ya nyumbani, afande."

"Leo anayo."

Mlinzi wa geti alikuwa mzee mwenye koti zito na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ofisi nzima ilimwita Waziri. Walipoingia aliwakatalia polisi geti mpaka waandike kwenye kitabu wanakwenda kwa nani, na Inspekta alikuwa amekasirika sana. Sasa alimwendea karibu akikimbia.

"Mzee wangu, kile kitabu kila mtu anaandika?"

"Kila mtu. Hata meneja. Juzi nilimrudisha."

"Kwa nini?"

"Aliandika anakwenda mjini. Mjini wapi? Mji wote ni wake?" Waziri alivuta kitabu kutoka chini ya kiti. "Hawa vijana nao wanaandika 'kwa mteja'. Namwambia, mteja wako ana nyumba au anaelea hewani? Na nasoma kilomita za pikipiki akitoka, nazisoma akirudi. Ukinidanganya, pikipiki itakusema."

"Dokta ametoka leo?"

Waziri alilamba kidole, akafunua. "Ametoka saa tatu kasoro ishirini. Amerudi saa nne na robo. Alikuwa na haraka, akaniambia niandike mwenyewe." Alisogeza miwani. "Nyuma ya kinu cha unga, ghorofa ya kijani, juu kabisa. Pale pale alipokwenda wiki iliyopita."

Inspekta aliomba kitabu akishike mwenyewe. Alifunua kurasa kurudi nyuma mpaka tarehe moja ya mwezi uliopita, tarehe aliyoijua kwa moyo kwa sababu aliiandika kwenye faili alilolifunga. Ilikuwepo. Dokta alikuwa ametoka asubuhi, na mwandiko ule ule wa Waziri ulisema, *kwa mwalimu, nyumba ya ngazi za nje, jirani na zahanati.*

Akasikia uchungu, kisha hasira, kisha ile hofu ikarudi ikayafunika yote mawili. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tano.

"Waziri," alisema, "Dokta asitoke kwenye geti hili."

"Bila kuandika hatoki."

"Hata akiandika."

Dereva wa polisi alikuwa mtu wa mwili, mwenye maneno machache. Inspekta alimwambia azime king'ora na aegeshe upande wa pili wa kinu, mahali ambapo angeona mlango wa ghorofa ya kijani bila gari kuonekana. Kinu kilikuwa kimya kwa sababu ya mgao. Wafanyakazi wake walikuwa wamelala juu ya magunia, weupe kwa unga mpaka kope. Hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Ghorofa ilikuwa na sakafu nne na ngazi za zege zisizo na dirisha isipokuwa juu kabisa. Nje jua liliwaka, ndani palikuwa giza la kupapasa. Inspekta alipanda mkono mmoja ukutani. Nyumba za chini zilikuwa zimefungwa, wenyewe wako makazini. Kila alipokanyaga, sauti ya viatu vyake ilimtangulia juu na kumrudia. Alijaribu kupanda kimya akashindwa, na akawaza kwamba mwanamke mzee aliyeko huko juu anazisikia hatua hizi vilevile alivyozisikia zile za asubuhi.

Mlango wa juu ulikuwa wa chuma. Mwanga wa dirisha dogo ulimwonyesha kitasa chake. Kilishikiliwa na skrubu nne, na mbili zilikuwa zimeng'olewa. Ya tatu ilikuwa imetoka nusu, bado inameta pale bisibisi ilipoikwaruza.

Hakumaliza, Inspekta alijiambia. Hakumaliza.

Aligonga kwa kiganja. "Mama, mimi ni polisi. Fungua."

Aligonga tena.

"Mama, uko salama? Ni polisi hapa."

Kitu kilisogea ndani, kizito, kama kabati likiburutwa. Kisha sauti ile, aliyoisikia mara nne asubuhi, ikaja kutoka karibu sana na mlango.

"Hata yeye alisema ni polisi. Kwanza alisema ni fundi, nilipokataa akasema ni polisi. Akabadilisha na sauti."

Inspekta alifumba macho. Mwanamke alikuwa hai. 

"Una haki kuogopa," alisema. "Niulize chochote."

"Nikuulize nini mimi sikujui?" Sauti ilitetemeka. "Simu ya mkononi amenichukulia tangu wiki iliyopita, alisema anakwenda kuiunganisha na kiboksi. Kiboksi nacho kimezima. Sina wa kumpigia nikamuuliza kama wewe ni wewe."

"Asubuhi ulipiga simu ya dharura. Hayo uliyoyasema yule mtu hakuyasikia, alikuwa kwenye ngazi. Niulize ulisema nini."

Kitu kiligusa mlango kutoka ndani.

"Nilisema nini?"

"Ulisema, 'Mwanangu, usipaze sauti.'"

Alisikia pumzi ikishushwa upande wa pili. Kisha kilio kidogo, cha mtu anayejizuia asisikike.

"Nilijua hamji," mkunga alisema. "Nimekaa nyuma ya kabati hili tangu asubuhi nikijiambia, wale hawaji. Alikuwa anafungua kitasa. Watu wa maji wakapanda na madumu, akashuka anapiga mluzi, akawasalimia vizuri kabisa. Nami nikashindwa hata kupiga kelele. Sauti iligoma."

"Mama, alipokuja wiki iliyopita, alitaka nini?"

"Alitengeneza simu vizuri. Akaniuliza nakaa na nani, nikamwambia peke yangu. Akaiona mikufu yangu ya dhahabu, mwanangu huniletea kila akija. Akaisifu. Nikamwambia anwani bado ni ya kule nilikohama, anibadilishie. Akasema hilo niache, atalishughulikia mwenyewe." Alivuta kamasi. "Atarudi. Alisema kwenye tundu la ufunguo, 'Umeme unarudi saa saba, bibi. Mimi nitakuwa nimefika kabla yake.'"

Inspekta alitazama saa. Sita na dakika ishirini na tano. Wakati huo simu yake ilitetemeka mfukoni, na ilitetemeka kwa fujo, ujumbe juu ya ujumbe, kama kitu kilichokuwa kimefungiwa. Kwenye ngazi zile za zege mtandao haukufika. Pale dirishani ulikuwa umempata. Aliyekuwa akipiga ni Mrefu.

"Afande, nimekupigia mara tano hupatikani." Mrefu alikuwa akihema. "Dokta hayupo. Alisema anachukua chai jikoni. Jiko lina dirisha, na nyuma ya dirisha kuna kichochoro. Pikipiki yake ipo, Waziri ameikalia. Ni dakika ishirini na tano sasa. Nisamehe, afande."

 Inspekta alikata, akampigia dereva.

"Kuna mtu ameingia?"

"Ndiyo anaingia sasa hivi," dereva alisema. "Ana kisanduku cha vyuma."

"Mfuate. Usimwite. Vua viatu."

Alitia simu mfukoni na kutoa pingu, akizishika zisilie. Alifikiria kumwambia mkunga afungue ili aingie ndani, lakini kabati lile lingechukua muda, na mlango uliofunguliwa nusu ulikuwa mbaya kuliko uliofungwa. Akageuka na kuuegemea mlango kwa mgongo. Aliogopa. Aliogopa waziwazi, na alifurahi kwamba hakuna aliyemwona.

Chini kabisa, kiatu kilikanyaga zege. Kisha kingine. Hatua zilikuja bila haraka, za mtu anayekwenda kazini, na vyuma vilicheza taratibu ndani ya kisanduku.

Nyuma ya chuma, karibu na sikio lake, ule mnong'ono mkavu ukasema, "Mwanangu, usipaze sauti. Anapanda ngazi."

"Namsikia, mama."

Sakafu ya kwanza. Ya pili. Kwenye kona ya tatu hatua zilisimama, na sauti laini ikapanda kabla ya mwenyewe.

"Mama, ni Dokta wako. Nimekuja kuitazama ile simu."

"Panda," alisema Inspekta. "Simu haina ubovu. Tuliipata."

Hatua hazikusogea.  Fundi alikuwa amesimama vidato tisa chini yake, uso wake doa hafifu gizani, na bisibisi haikuwa tena mfukoni mwa shati. Alitazama nyuma, akatazama juu. Alipozungumza hakuuliza wamemjuaje, wala kitabu cha geti, wala kitasa. Aliuliza kile kilichomkera tangu asubuhi.

"Umeme haukuwepo," alisema. "Nilihakikisha haupo. Aliwezaje kupiga?"

Inspekta naye hakujua. Lakini mlango ulimjibu, na safari hii haukunong'ona.

"Nimezalisha gizani miaka thelathini na minne," mkunga alisema. "Betri ya pikipiki iko chini ya kitanda changu, na waya zake, na leo niliiunganisha kabla hawajakata. Imechakaa kidogo, ndiyo maana haikudumu. Ulidhani mimi ni mtu wa kungoja umeme?"

 Fundi akageuka kushuka, kisanduku kikamponyoka na vyuma vikatawanyika kwenye ngazi kwa kelele iliyojaa ghorofa nzima, na kwenye kidato cha chini yake alikutana na dereva, amevua viatu, amejaza ngazi ukuta kwa ukuta.